CHAI YA KARIAKOO ILIVYONIUMBUA TUKUYU

Mpenzi msomaji, ukimwona msichana wa mjini kakonda ghafla, usikimbilie kumwonea wivu. Muulize kwanza kapitia njia gani. Mimi nilipungua kilo tatu ndani ya siku nane, nikavimba kichwa, nikaanza kuchomekea blauzi. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimelala chali katikati ya shamba la chai huko Katumba, Wilaya ya Rungwe, akina mama wawili wananipepea kwa kanga, na bibi yangu analia akidhani ndiyo nimeshakwenda zangu.

Kisa chenyewe? Chai. Naam, chai hii hii unayokunywa wewe asubuhi na chapati. Tulia nikupe mkanda mzima, maana najua wapo wengi mjini hapa ambao muda huu wana pakiti kama yangu kwenye mkoba.

ZIPU ILIPOGOMA

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa sita. Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa imepangwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Nikaenda kwa fundi wangu wa Sinza kujaribu gauni ambalo kipimo chake alikichukua mapema mwaka ule. Nikaingia chumba cha kujaribia, nikavuta pumzi, nikavuta zipu. Ikapanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Nikamwita fundi. Naye akavuta, jasho likamtoka, akaacha.

“Dada,” akasema taratibu kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, “kitambaa ni kile kile na zipu ni ile ile. Kilichobadilika ni mwenye gauni.”

Wacha wee! Nilitoka pale machozi yananilenga. Nikapanda kwenye mzani wa yule kijana wa stendi, ukasoma kilo 81. Nikadhani mzani mbovu. Nikaenda kwa mwingine, naye akanisomea 81.

Kesho yake nikamweleza mwenzangu wa kazini. Akacheka, akafungua droo, akatoa boksi la kijani lenye picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Maandishi yake ya kigeni, herufi ndogo kama mayai ya chawa. “Hii ndiyo habari ya mjini,” akaniambia. “Ina viini vya mimea vinavyopandisha moto wa mwili. Unakunywa usiku, ukilala mafuta yanaungua yenyewe.”

Mafuta yanaungua nimelala! Nani angekataa? Jumamosi nikaingia Kariakoo kwenye kichochoro alichonielekeza, nikanunua maboksi manne. Kwa pesa ile ningepata kilo tatu za nyama na chenji ya nauli.

Kwa kuwa mimi mjuaji, nikaongeza na ufundi wangu. Nilishasikia kwamba chai yenyewe inaunguza mafuta. Basi mchana nikawa nakula wali kidogo na maharage, huku nateremsha kwa kikombe kikubwa cha chai ya rangi, nzito, nyeusi tii, bila sukari. Jioni sili. Napiga chai nyingine nzito kukata njaa. Usiku ndiyo ile ya boksi la kijani.

Siku ya tatu tumbo likaanza kunguruma kama lori linapanda Kitonga. Asubuhi nikawa mgeni wa choo, si mara moja, si mara tatu. Nami moyoni nasema, safi sana, mafuta yanatoka! Siku ya nane nikapanda mzani, kilo 78. Nilitaka kumbusu yule kijana.

SAFARI YA NYUMBANI

Ikabidi niende Tukuyu kumwona bibi yangu. Kwetu huwezi kuagwa bila kwenda mwenyewe kumpa taarifa mkubwa wa ukoo, tena uso kwa uso. Nikapanda basi alfajiri, mkobani nina kadi, khanga doti mbili, na maboksi yangu ya kijani.

Safari ile sitaki hata kuisimulia. Unajua basi la mkoani, dereva anasimama kuchimba dawa pale anapotaka yeye. Mimi tumbo langu lilikuwa na ratiba yake. Kuanzia Morogoro hadi Makambako nilimwomba kondakta mara nne. Mara ya nne abiria wa nyuma akauliza kwa sauti, “Huyu dada ana mgodi?” Basi zima likacheka. Nikajifunika khanga usoni hadi Mbeya.

Usiku nikalala Mbeya, asubuhi nikachukua gari dogo kutoka Uyole. Kama hujawahi kupita njia ile, umekosa kitu. Ukiacha Uyole gari linapanda kwenye baridi na mashamba ya viazi, halafu linaanza kuteremka kuelekea Kiwira. Mlima Rungwe unakutazama kutoka juu, mita 2,960 hivi, mara nyingi kajifunika shuka la mawingu. Kisha migomba, miparachichi, na chai. Chai imetandikwa vilimani kama zulia, kijani hadi macho yanauma. Tukuyu mvua ni kama mwenyeji. Kwa mwaka inapita milimita 2,000, na ndiyo maana chai inapapenda.

Nilimkuta Bibi uani anamenya ndizi. Nikapiga magoti kidogo, “Mugonile, Bibi.”

“Ndaga, mjukuu wangu.” Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisu mkononi. Hakutabasamu. “Unaumwa?”

“Hapana, Bibi. Nimepungua tu. Najiandaa na sherehe.”

“Midomo imekuwa myeupe,” akasema. Akarudi kwenye ndizi zake.

Mchana akapika mbalaga, ndizi zilizochanganywa na maharage, zinatoa moshi. Mimi nikala vijiko vinne, nikaomba chai ya rangi. Bibi akanitazama tena, akanyamaza. Wazee wa kwetu wakinyamaza ujue wanaandika.

Usiku ule ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linaniuma kuliko lile la basi. Nyumbani pale anaishi mdogo wangu, mtoto wa shangazi, yupo kidato cha nne. Binti hana hata unene wa kusemea, ila naye kashaanza kujipima kwenye kioo. Akaona boksi. Akauliza. Nami kwa ule u-dada wa mjini nikamwelezea yote, viini vya mimea, moto wa mwili, mafuta kuungua usingizini. Nikampa boksi zima. “Kunywa usiku, usimwambie Bibi.”

Msomaji, hayo maneno ya mwisho yashike vizuri.

NILIVYOANGUKA

Siku ya tatu Bibi akasema twende shambani, nikaone anavyoishi, nisije nikaolewa nikasahau nilikotoka. Ana kipande chake cha chai upande wa Katumba. Amepita miaka 70, lakini alipanda ule mlima na kapu mgongoni kama anakwenda chumba cha pili. Mimi nyuma nahema. Moyo unapiga kama ngoma ya kitchen party. Masikio yanavuma. Baridi inaningia kwenye mifupa ingawa jua lilikuwa limetoka.

Bibi akanionyesha kuchuma, majani mawili na kichipukizi chake, mikono yote miwili inacheza, kapu linajaa. Nikainama kuchuma la kwanza. Nilipoinuka, dunia ikazunguka. Nakumbuka kijani, kisha weusi, kisha kanga inapepea.

Nilipelekwa zahanati kwa bodaboda, nimekaa katikati kama gunia, mdogo wangu nyuma kanishika. Bibi akaja na nyingine. Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole, mwenyeji wa Tanga. Akafungua jicho langu la chini, akatazama viganja, akachukua damu kidogo kupima wingi wake. Majibu yakaja 9.1. Akasema kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu wa damu.

“Unatumia dawa yoyote?” akauliza.

“Hapana,” nikajibu bila kupepesa macho.

Pale pale mdogo wangu akaanza kulia. Akafungua mkoba wake wa shule, akatoa pakiti. “Shikamoo, daktari. Ni hii. Na mimi kanipa. Nimekunywa siku mbili.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi hakusema neno. Alinitazama tu, na lile jicho ndilo lililonitibu kabla ya dawa.

KUMBE SANAMAKI!

Tabibu akaisogeza pakiti dirishani akasoma zile herufi ndogo. Akatikisa kichwa. “Dada, imeandikwa humu, senna. Hii kwetu Tanga tunaiita sanamaki. Bibi zetu wanamchemshia mtu aliyefunga choo. Si ya kunywa kila siku kama chai.”

Akanieleza kwa lugha rahisi, nami nakupa kama nilivyoipata. Chakula unachokula kinavunjwa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Nguvu zote za wali wako, mafuta yako, sukari yako, zinaingia mwilini huko. Sanamaki inafanya kazi mbele zaidi, kwenye utumbo mpana. Viini vyake vinausukuma utumbo ule ukimbize mzigo na kuzuia maji yasirudi mwilini. Kwa hiyo mnapokutana na sanamaki, chakula kimeshaingia ghalani. Wewe unachotoa ni makapi na maji.

“Lita moja ya maji ni kilo moja,” akasema. “Ulichopunguza ni maji. Mafuta yako yote umesafiri nayo kutoka Dar.”

Tena maji yale hayaondoki peke yake. Yanabeba na chumvi muhimu za mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Ukizidisha kwa muda mrefu, moyo unaweza kwenda mrama. Na huwezi kujua ndani ya pakiti za namna hii kuna nini kingine. Ipo dawa inaitwa sibutramini, ya kuzuia hamu ya kula, ambayo Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa. Baada ya hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile yangu ilijitembeza hadi kichochoroni.

NILIZIBA DIRISHA

Lakini damu je? Sanamaki inaeleza choo na kizunguzungu. Ile 9.1 ilitoka wapi?

Tabibu akaniuliza nakula nini, saa ngapi, na kinywaji gani. Nilipotaja chai nzito kwa kila mlo, akaweka kalamu chini.

Majani ya chai, akasema, yana viini vinavyoifanya iwe chungu na kukausha ulimi. Vikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, vinayashika, yanapita bila kufyonzwa. Baadaye nilisoma mwenyewe matokeo ya jaribio moja lililochapishwa mwaka 1999. Watu walipewa mkate, wengine na maji, wengine na chai ya rangi. Chai ilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 79 hadi 94. Hebu fikiria, unakula maharage kwa ajili ya damu, halafu kikombe kinayasindikiza hadi nje.

Hakusema chai pekee ndiyo iliyonimaliza. Wanawake tunapoteza damu kila mwezi, na mimi nilikuwa nakula kama ndege. Huenda damu yangu ilikuwa chini kabla sijaanza mchezo. Si jambo la ajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana upungufu wa damu. Chai yangu juu ya maharage ilikuwa inasukuma gari lililokwisha kuanza kuteremka.

Na hapa ndipo penye kichekesho kichungu. Mwili hauunguzi mafuta bila hewa ya oksijeni, kama vile kuni haziwaki kwenye chungu kilichofunikwa. Oksijeni inabebwa na damu, na kinachoibeba ndani ya damu ni chuma. Hata ndani ya chembe za misuli, mitambo inayogeuza chakula kuwa nguvu inahitaji chuma. Kwa hiyo mimi niliyetaka moto uwake zaidi, kumbe nilikuwa naziba dirisha la jiko. Ndiyo maana baridi, ndiyo maana kuhema, ndiyo maana bibi wa miaka 70 na zaidi aliniacha mlimani.

Bibi akauliza swali moja tu. “Huyu mdogo wake naye apimwe.” Akapimwa. 10.2. Naye alikuwa chini, na wala hakuwa anajua. Nami nilikuwa nimempa sanamaki, nikamwambia asimwambie Bibi.

JE, CHAI INAUNGUZA MAFUTA?

Tulirudi nyumbani na vidonge vya chuma, kila mtu na vyake. Nililala siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa na nguvu kidogo na aibu nyingi, nikaanza kutafuta ukweli. Maana sikutaka kutoka kwenye uongo wa Kariakoo niingie kwenye uongo wa kuchukia chai. Ule uvumi ulitoka wapi?

Kumbe haukutoka hewani. Chai ina kafeini, ile inayokuchangamsha, na ina jamii ya viini vinavyoitwa katekini. Mwili una kemikali yake ya kuamrisha mafuta yatolewe ghalani na moto upande, ndugu yake adrenalini. Kafeini inausaidia ujumbe ule ukolee. Katekini zinazuia kimeng’enya kinachoifuta kemikali ile, hivyo ujumbe unakaa muda mrefu kidogo. Ndiyo nadharia yenyewe, na ina mantiki.

Mwaka 1999 watafiti huko Uswisi waliwafungia wanaume 10, mmoja mmoja, ndani ya chumba maalumu kinachopima hewa wanayovuta na kutoa saa 24. Wakiwa wamepewa unga uliokamuliwa kutoka chai ya kijani, matumizi yao ya nguvu kwa siku yalipanda kwa asilimia 4. Asilimia 4 yenyewe ni kilokalori kama 80.

Ukisikia “kisayansi imethibitishwa” kwenye tangazo, mara nyingi wanazungumzia kitu kama hicho. Wasichokwambia ni kwamba kilokalori 80 ni kipande kimoja cha mkate. Ni vijiko vitano vya chai vya sukari, kwa sababu kijiko cha gramu 4 kina kilokalori 16. Sasa mimi kabla ya mbwembwe zangu nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vinne. Vijiko 12, kilokalori 192. Hata kama chai ingeniunguzia zile 80 zote, sukari yake ingenirudishia mara mbili na zaidi. Na hapo sijagusa soda ya baridi saa saba mchana.

Mwaka 2012 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ukakusanya majaribio 18, watu 1,945, waliotumia bidhaa za chai ya kijani ili wapungue. Kwenye majaribio sita yaliyofanyika nje ya Japani, tofauti kati ya waliokunywa na wasiokunywa ilikuwa wastani wa gramu 40. Gramu 40, jamani! Yai la kuku ni zito kuliko hapo.

Na wale wanaosema “basi nimeze vidonge vyenye chai iliyokolezwa” wasikie na hili. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani, zikinywewa kama vidonge vya nyongeza, zinaambatana na dalili za ini kuumia. Kikombe cha kawaida cha kuchemsha hakikuleta wasiwasi huo. Jani ni lile lile. Kinachogeuka ni kiasi.

Hata hilo neno “chai ya kijani” lilinitia aibu. Nilidhani ni mti wa peke yake wa ng’ambo. Kumbe ni majani haya haya ya Katumba. Ukiyapitisha kwenye moto au mvuke mapema yanabaki kijani. Ukiyanyausha, ukayasaga na kuyaacha yapate hewa kabla ya kuyakausha, yanageuka meusi, na katekini nyingi zinabadilika kuwa viini vingine vinavyoipa chai ya rangi wekundu na ukali wake. Mti ni mmoja. Wajerumani waliupanda Kyimbila, hapa hapa Rungwe, mwaka 1904, enzi Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg. Na mimi mjukuu wa mchuma chai nikaenda kununua chai kwenye kichochoro cha Dar.

Bibi alipoelewa hilo, ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu zahanati. “Kwa hiyo umetoa pesa Dar es Salaam, ukanunua chai ya kuhara, ukaipandisha basi, ukaileta Katumba?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Basi wewe utafaa kuwa mfanyabiashara. Wa kufilisika.”

BIBI HANA SIRI

Nilimuuliza siri yake. Mwembamba, mkakamavu, anakula mbalaga sahani inajaa, na chai anakunywa na vijiko viwili vya sukari. Akaniambia hana siri, ana mlima.

Nilipofikiri nikaona ndiyo jibu lote. Kwa sisi tunaoshinda tumekaa, sehemu kubwa ya nguvu, asilimia 60 hadi 70, inatumika kuuendesha mwili tu ukiwa umetulia. Moyo, ini, ubongo, joto. Ubongo peke yake unachukua kama moja ya tano ya hizo. Jani halibadilishi mengi hapo. Kinachoweza kuongezeka sana ni ile sehemu ya mwendo. Bibi ana kapu, ana kilima, ana misuli iliyojengwa miaka na miaka. Mimi nina kiti cha ofisini na daladala inayonishusha mlangoni.

Na maharage yake si bure. Mwili unatumia nguvu kumeng’enya chakula chenyewe. Kwenye protini unatumia kama asilimia 20 hadi 30 ya nguvu zilizomo, kwenye wanga 5 hadi 10, kwenye mafuta karibu hakuna. Sahani ya maharage inaupa mwili kazi na inashibisha, tena haiuzwi kichochoroni.

KUOMBA RADHI

Kabla sijaondoka, kulikuwa na deni. Mdogo wangu alishawaambia wasichana watatu wa darasani kwao kwamba dada wa Dar kaleta chai ya kukondesha, na alishawaahidi. Nilitaka kumtuma akawaambie imekwisha. Bibi akakataa. “Uliyempa uongo ni wewe. Nenda ukautoe.”

Nikaenda, msomaji. Nimevaa khanga, midomo bado myeupe, nikakaa nao chini ya mparachichi nikawaeleza yote, choo, basi, shamba, 9.1. Walicheka hadi machozi nilipofika kwa kondakta. Kisha mmoja akauliza taratibu kama kizunguzungu anachopata darasani kinaweza kuwa damu. Nikamwambia aende akapimwe, asingoje aanguke kama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Tukuyu nikajiona nimeleta zawadi.

Maboksi yaliyobaki Bibi aliyamwaga shimoni, akafukia. Akasema hataki hata migomba yake ihare.

Sherehe ikafanyika. Gauni? Fundi aliongeza vipande viwili vya kitambaa ubavuni, akashonea nakshi juu, watu wakauliza ni fasheni ya wapi. Siku ile nilikuwa na kilo 79. Bibi alikuja, akakaa mbele, akanitazama midomo kwanza kabla ya gauni. Akatikisa kichwa kukubali.

Leo nina kilo 76. Imenichukua mwaka mzima. Nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani, natembea. Sukari nimeshuka hadi kijiko kimoja, soda nimeiacha kwa wenye harusi. Damu imefika 12.3, na mdogo wangu naye kapanda. Chai sijaiacha, nitaiachaje na damu yangu ni ya Rungwe? Ila naisubirisha saa nzima baada ya kula, na maharage yangu nayakamulia limao, maana vitamini C yake inasaidia chuma kuingia.

Kwa hiyo, dada uliyeficha boksi la kijani kwenye mkoba, sijakuita mjinga. Mjinga alikuwa mimi, wewe bado una nafasi. Ligeuze usome zile herufi ndogo. Ukikuta sanamaki, ujue utakachopunguza ni maji tu. Na kama una mdogo wako anayekutazama kwenye kioo, chunga sana unachompa, hasa ukijikuta unamalizia kwa kusema, “Usimwambie Bibi.”